Osiloskopu za Analogia za Kasi: Kutoka Dalili Hadi Chanzo cha Hitilafu

Osiloskopu za analogia za masafa ya juu (mashine zinazochora wimbi la umeme kwenye kioo) zilizobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kama vile Tektronix 465 ya megahezi 100 na ndugu yake 475 ya megahezi 200, bado zinamfaa sana fundi wa Kigoma anayetengeneza inveta za sola, redio za boti na mashine za kulehemu. Hazina kompyuta ndani, kila hatua inaweza kupimwa kwa mita, na transista zake nyingi zimekaa kwenye soketi, hivyo hung'oka bila kuyeyusha risasi.

Ugumu wake unatokana na jinsi zilivyobuniwa. Wabunifu walitaka kioo kionyeshe volti tulivu ya betri na wimbi la mamilioni ya mizunguko kwa sekunde kwa amplifaya ile ile. Kwa sababu hiyo hatua zote za njia ya wima, kuanzia soketi ya kuingizia mawimbi hadi vibao vinavyopinda mwale wa elektroni ndani ya tyubu, zimeunganishwa moja kwa moja bila kapasita ya kuzitenganisha, na karibu zote ni jozi za transista ambazo upande mmoja ukipanda volti mwenzake hushuka. Kosa dogo la volti kwenye hatua ya kwanza hukuzwa na kila hatua inayofuata, hadi mstari wa mwanga unatupwa nje kabisa ya kioo. Ndiyo maana nashikilia kwamba mashine nyingi zinazosemwa kuwa zimepoteza masafa ya juu zinaumwa umeme mnyoofu (DC): njia moja ya pawa saplai imeshuka, au transista moja imelegea kwenye soketi yake. Fundi anayeanza kwa kuzungusha vile vidude vidogo vya kurekebishia kabla ya kupima volti hizo anajiongezea hitilafu juu ya ile iliyoletwa.

Kabla ya kufungua kifuniko, ni lazima kukumbuka kwamba katika Tektronix 465 mwale wa elektroni huharakishwa kwa jumla ya takribani volti 18,000, na kwamba kathodi ya tyubu (sehemu inayotoa elektroni) hukaa kwenye volti hasi zipatazo 2,450. Saketi za mwangaza na za kuchongesha nukta nazo ziko kwenye volti hizo hizo kubwa, ingawa vitasa vyake vinashikwa kwa vidole huku mbele. Mashine ikizimwa, kapasita hubaki na chaji, kwa hiyo kitoe chaji hicho ardhini kupitia rezista yenye waya uliofunikwa vizuri, tena zaidi ya mara moja. Jambo la pili la usalama linahusu desturi ya kukata pini ya ardhi kwenye plagi ili kupima inveta au pawa saplai isiyo na transfoma. Desturi hiyo huuacha mwili wote wa chuma wa osiloskopu ukiwa na umeme wa hatari. Njia sahihi ni kutumia probu (waya za kupimia) mbili, moja kwa kila pointi, kuigeuza chaneli ya pili juu chini, kisha kujumlisha chaneli zote mbili ili kioo kionyeshe tofauti peke yake.

Mashine haiwaki, au taa inawaka kwa unyonge

Angalia kwanza swichi ya kuchagua volti iliyo nyuma. Mashine iliyotoka Marekani mara nyingi bado imewekwa kwenye volti 115, na ikichomekwa kwenye volti 230 fyuzi hukatika papo hapo, pengine na vingine pamoja nayo. Ikiwa swichi iko sawa na fyuzi ni nzima, pima njia za pawa saplai moja baada ya nyingine kwenye pointi zake za kupimia. Katika 465 njia kuu ni −8, +5, +15 na +55, pamoja na nyingine iliyo juu ya volti 100. Anza na ile ya +55, kwa kuwa hiyo ndiyo rejea ya nyingine, na ikiwa yenyewe imepotoka, nyingine zitapotoka pamoja nayo ingawa hazina kosa.

Njia moja ikiwa karibu na sifuri huku nyingine zikiwapo, mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita ya tantalamu yenye umbo la tone. Kapasita hizi hupiga shoti bila kutoa dalili yoyote ya nje, na njia za +15 na −8 ndizo zinazopatwa zaidi. Zimetawanyika kwenye bodi nyingi, kwa hiyo kuzing'oa moja moja ni kazi ya kuchosha na huharibu njia za shaba. Ni afadhali kuzima mashine, kutoa chaji, kisha kuingiza kwenye njia hiyo umeme wa nje usiofika hata nusu volti, wenye kikomo cha ampea 1, na kupima milivolti kutoka pointi hadi pointi. Volti hiyo ni ndogo mno kuziamsha transista, kwa hiyo mkondo wote hukimbilia penye shoti. Kadiri ncha ya mita inavyosogea kuelekea kwenye kapasita mbovu milivolti hupungua, na ukiipita hazipungui tena. Badala yake weka kapasita yenye uwezo wa angalau mara mbili ya volti ya njia hiyo. Za kawaida za elektroliti za volti 35 zinapatikana Kariakoo, na hufika Kigoma kwa basi au treni bila tabu.

Mstari unapinda kama mawimbi

Ikiwa mstari ambao ungepaswa kunyooka unapanda na kushuka, weka triga (saketi inayoamua picha ianze lini) kwenye chanzo cha umeme wa ukutani na swipu (mwendo wa nukta kutoka kushoto kwenda kulia) kwenye milisekunde 5 kwa kisanduku cha kioo. Wimbi likitulia, chanzo chake ni umeme wa ukutani. Likijirudia kila visanduku 2, yaani kila milisekunde 10, kapasita kubwa za kuchujia zimechoka, au volti inayoingia haitoshi. Likijirudia kila visanduku 4, dayodi moja ya daraja la kubadilisha umeme imekatika.

Hapa kuna jambo linalowahusu sana mafundi wanaotumia sola, kuanzia Ujiji hadi vijiji vya kando ya ziwa. Inveta za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi ambalo kilele chake hakifiki zile volti 325 zinazopatikana kwenye wimbi laini la volti 230, na betri ikichoka kilele hicho hushuka zaidi. Kapasita za pawa saplai hujazwa na kilele cha wimbi, kwa hiyo vidhibiti vya volti hukosa nafasi ya kufanya kazi, na mstari hupinda kwenye mashine isiyo na ugonjwa wowote. Mita ya kawaida haitalionyesha hilo. Jaribu mashine kwenye umeme wa gridi au kwenye inveta ya wimbi laini kabla ya kununua kapasita hata moja.

Taa inawaka, njia zote za umeme ni sahihi, lakini kioo ni giza

Hii ndiyo dalili inayowatisha wengi, na ndiyo iliyo rahisi zaidi kuifuatilia ukiujua muundo wake. Bonyeza kitufe cha kutafuta mwanga, ambacho hupunguza nguvu za njia ya wima na ya mlalo ili mwale usitoke nje ya kioo. Mwanga ukionekana, tyubu ni nzima na volti kubwa zipo, kilichobaki ni kujua umetupwa upande gani. Ukionekana juu au chini, kosa liko kwenye njia ya wima. Ukionekana kushoto au kulia, liko kwenye njia ya mlalo. Badilisha chaneli: mstari ukirudi kwenye chaneli ya pili, kosa la chaneli ya kwanza liko kabla ya swichi ya kielektroniki inayounganisha chaneli zote mbili, na eneo la kutafuta limekwisha kupungua nusu.

Ikiwa chaneli zote mbili zimetupwa upande mmoja, tumia ukweli kwamba kila hatua ni jozi. Chukua waya mfupi uliofunikwa, wenye vibanio vidogo kwenye ncha zake, uunganishe pande mbili za jozi ya mwisho kabla ya tyubu kwenye maingizo yake. Pande hizo zikiwa na volti sawa, mstari hauna budi kurudi karibu na katikati. Ukirudi, hatua iliyo mbele ya waya, upande wa tyubu, ni nzima na kosa liko nyuma yake, upande wa soketi ya kuingizia. Sogeza waya hatua moja kuelekea kwenye soketi ya kuingizia na urudie. Pale ambapo mstari unakataa kurudi, umeikuta hatua yenye kosa, au iko baina ya pale uliposimama na pale ulipotoka. Waya huu unatumika kwenye njia ya mawimbi tu, kati ya pointi mbili pacha. Usiuguse upande wa volti kubwa, wala usiunganishe kolekta na njia ya pawa saplai.

Ukishaipata hatua, ng'oa transista zake mbili kwenye soketi na uzibadilishane nafasi. Mstari ukihamia upande wa pili wa kioo, transista moja ni mbovu. Ukitulia katikati, huenda hazikuwa mbovu kabisa: pini zake zilikuwa na kutu, na kule kuzitoa na kuzirudisha kumezisafisha. Miguu ya transista hizo ikitazamwa kwa lenzi mara nyingi huwa myeusi, kwa kuwa fedha iliyopakwa juu yake imeshika weusi. Ikwangue taratibu kwa ncha ya kisu hadi ing'ae, kisha uirudishe.

Kitufe cha kutafuta mwanga kisipoleta chochote, kosa liko kwenye volti kubwa au kwenye saketi ya mwangaza, nalo ndilo linalofuata.

Mwanga unavimba, unafifia au unapotea

Tazama ukubwa wa picha huku ukiongeza mwangaza. Ikiwa picha inakua kwa juu na kwa upana wakati huo huo, volti ya kuharakisha elektroni inashuka, maana elektroni zinazokwenda polepole hupindwa kwa urahisi zaidi na vibao vile vile. Ikiwa ukubwa haubadiliki lakini nukta haichongoki, tafuta kwenye mnyororo wa rezista kubwa zinazogawa volti ya kuchongesha nukta, kwa kuwa rezista za megaomu nyingi hubadilika thamani zinapozeeka. Volti ya kathodi ipimwe kwa probu maalumu ya volti kubwa. Mita yenye kikomo cha volti 1,000 isikaribie.

Volti hiyo ikiwa chini, kuna sababu mbili zinazofanana sana kwa sura na zinazotofautiana kwa tabia. Sababu ya kwanza ni unyevu. Mashine iliyokaa stoo karibu na ziwa wakati wa masika hukusanya maji na vumbi jekundu kwenye sanduku la volti kubwa, na kinyesi cha mende na mjusi kafiri, wanaopenda lile joto, hufanya njia ya kuvujisha umeme. Uvujaji wa namna hii huwa mkubwa mashine ikiwa baridi, na hupungua kadiri inavyopata joto. Safisha kwa alkoholi ya isopropili na brashi laini, kisha kausha kwa hewa ya vuguvugu kwa saa kadhaa kabla ya kuwasha.

Sababu ya pili ni kizidisha volti, kile kijisanduku kilichojazwa gundi ngumu ambacho huizalisha sehemu kubwa ya zile volti 18,000. Hiki huenda kinyume: mashine huwaka vizuri, baada ya nusu saa mwanga unavimba, kisha unapotea, na ukizima ipoe unarudi. Ili kuthibitisha, zima, toa chaji, tenganisha waya unaotoka kwenye transfoma ya volti kubwa kwenda kwenye kizidisha volti, kisha washa na upime kathodi. Picha itakuwa hafifu mno au haitaonekana, lakini kinachotafutwa sasa ni volti, na ikitulia mashine ikiwa na joto, mbovu amepatikana. Kizidisha volti hakifunguliki. Hupatikana kwenye mashine nyingine iliyokufa kwa sababu tofauti, na kwa maoni yangu ndicho kifaa pekee kinachostahili kumfanya fundi anunue mashine mbovu ya pili.

Kipimo ni sahihi kwenye nafasi moja na ni cha uongo kwenye nyingine

Vitasa vya volti na vya muda katika mashine hizi huzungusha pipa lenye vinundu, ambavyo hubonyeza ulimi mwembamba wa chuma juu ya bodi iliyopakwa dhahabu. Dhahabu haishiki kutu, ila hushika uchafu. Kata ukanda wa karatasi safi, ulowanishe kwa alkoholi ya isopropili, upitishe chini ya ulimi, zungusha kitasa hadi ulimi uibane karatasi, kisha uivute polepole. Itatoka na mstari mwembamba wa kijivu, na huo ndio uliokuwa ukiongeza au kukata kipimo. Rudia hadi karatasi itoke nyeupe. Msasa huondoa dhahabu moja kwa moja, na dawa za kupuliza zenye mafuta huacha utando unaonasa vumbi na unaoweza kudhuru plastiki.

Wimbi la mraba limepoteza umbo

Anza na probu. Kwenye 465, pointi ya kurekebishia hutoa wimbi la mraba la volti 0.3 kwa takribani kilohezi 1. Kupitia probu ya mara 10, na kipunguzi cha mashine (kitasa cha volti) kikiwa kwenye milivolti 5 kwa kisanduku, linapaswa kujaza visanduku 6. Kona zikiwa za mviringo au zikiwa na pembe zilizochomoza, zungusha skrubu ya probu hadi zinyooke.

Probu ikiwa sawa, uliza kosa linatokea wapi na linadumu muda gani. Likionekana kwenye nafasi moja tu ya volti, ni kapasita ndogo ya kurekebishia ya kipunguzi cha nafasi hiyo. Likionekana kwenye chaneli zote na nafasi zote, liko baada ya chaneli kuungana, na hapo ndipo ilipo laini ya ucheleweshaji. Laini hii imewekwa ili swipu ipate nafasi ya kuanza kabla wimbi halijafika kwenye tyubu, na hivyo mwanzo wa wimbi uonekane. Katika 465 ucheleweshaji huo ni takribani nanosekunde 120. Rezista za kwenye ncha zake zikibadilika thamani, sehemu ya wimbi hurudi nyuma hadi mwanzo wa laini, kisha huja mbele tena. Kwa hiyo kinundu kinachojitokeza karibu nanosekunde 240 baada ya ukingo wa wimbi kinakuelekeza moja kwa moja kwenye rezista hizo. Mkunjo ulio ndani ya nanosekunde chache za mwanzo unatokana na saketi za kusahihisha masafa ya juu, na mteremko wa milisekunde nyingi kwa kawaida ni wa transista inayobadilika joto.

Kupima kasi yenyewe kunahitaji wimbi lenye ukingo mkali kuliko mashine. Muda wa kupanda, kwa kukadiria, ni 0.35 ukigawanywa kwa upana wa masafa: nanosekunde 3.5 kwa 465 na 1.75 kwa 475. Pointi ya kurekebishia haifiki huko. Transista ya 2N2369 iliyochajiwa kupitia rezista kubwa kwa volti zipatazo 90 hadi iporomoke yenyewe hutoa mpigo wenye ukingo wa chini ya nanosekunde 1, na inajengwa kwa vifaa visivyojaza kiganja. Upeleke mpigo huo kwa kebo ya omu 50 na kituo cha omu 50 (rezista kwenye mwisho wa kebo), si kwa probu. Waya wa ardhi wa probu wenye sentimita 15 hushirikiana na kapasiti ya ncha kutetemeka karibu na megahezi 100, na mtetemo huo utaonekana kwenye kioo kana kwamba ni ugonjwa wa amplifaya.

Picha haitulii

Picha ikitulia kwenye masafa ya chini na kutetemeka kwenye ya juu, na ikiwa kusafisha swichi za triga hakujasaidia, kosa huwa kwenye dayodi za taneli, ambazo wabunifu wa miaka hiyo walizitumia kwa sababu hubadilisha hali kwa kasi ambayo transista za wakati ule hazikuifikia. Hudhoofika kwa umri na kwa joto la risasi. Usiijaribu dayodi ya namna hiyo kwa mita kwenye nafasi ya omu, kwani mkondo wake unaweza kuimaliza iliyo dhaifu.

Yanayodhaniwa kuwa hitilafu

Mwanga kufifia kwenye swipu za haraka kabisa ni jambo la kawaida, kwa kuwa nukta hupita kila sehemu ya fosfori kwa muda mfupi mno. Funga madirisha, au uongeze idadi ya mipigo kwa sekunde. Tektronix walilikabili tatizo hilo kwenye modeli ya 7104, ya mwishoni mwa miaka ya 1970, iliyofika gigahezi 1 kwa kuweka bamba la kuzidisha elektroni nyuma ya kioo.

Malalamiko mengine hutoka kwa mafundi wa redio za VHF za boti. Chaneli ya 16 iko kwenye megahezi 156.8, na mashine ya megahezi 100 italionyesha wimbi hilo likiwa chini ya nusu ya urefu wake halisi. Hata kwenye masafa yake ya mwisho yenyewe, megahezi 100, wimbi la visanduku 6 huonekana kama visanduku 4 na kidogo. Isitoshe, probu inayosifiwa kwa megaomu 10 ina kapasiti ya pikofaradi kama 12 kwenye ncha yake, na kwa masafa ya VHF kapasiti hiyo ni sawa na mzigo wa omu 85 hivi, unaotosha kuivuruga redio inayopimwa. Nguvu ya redio ipimwe kwa mita yake pamoja na mzigo bandia wa omu 50 (rezista inayokaa mahali pa antena), na ncha ya probu isogezwe karibu na waya wa antena bila kuugusa, ili kuona tu kama wimbi lipo na kama ni safi.